Kura ya Harage

Mzee Elimringi alikuwa na hotuba moja tu, na kila uchaguzi ulipokaribia aliitoa, akaipangusa vumbi, akatoka nayo. Tume ikitangaza kwamba daftari la wapiga kura linaboreshwa, gari la matangazo halijapanda Akheri, yeye keshavaa koti la kanisani, kashika fimbo, anapanda na kushuka vijia vya migombani nyumba kwa nyumba. Hakutumwa na mtu, wala hakulipwa na mtu. Vijana waliojilalia aliwaamsha. Mabinti waliotimiza miaka kumi na minane aliwajua kuliko mama zao walivyowajua, kwa kuwa alianza kuwahesabu tangu siku ya kipaimara.

Hotuba ilianzia mbali. Ilianza na baba yake, ambaye enzi za mkoloni hakuruhusiwa kupiga kura, maana hakuwa na kipato kilichotakiwa, wala elimu, wala cheo. Ikaja kwenye enzi za chama kimoja, mgombea mmoja alama yake jembe na mwenzake nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Na kura ya rais, picha ya mgombea pekee upande huu wa ndiyo, na kivuli upande ule wa hapana. Ikapita vyama vingi, ikapita wino wa kidoleni, ikafika kwenye mashine ya siku hizi inayosoma alama za vidole na kupiga picha papo hapo. Lakini hayo yote yalikuwa mboga. Ugali wenyewe ulikuwa uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji, mwaka sabini na tisa.

"Nilishindwa kwa punje moja," alikuwa akisema, kidole juu. "Moja tu. Sasa wewe niambie kura yako haina maana."

Kisha alimalizia kwa methali, daima ileile: "Kikulacho ki nguoni mwako." Hapo alitazama upande wa bondeni, kwenye kihamba cha migomba cha mdogo wake Aminieli, na kila aliyekuwa akisikiliza alielewa nani anasemwa.

Mke wake, Kaanaeli, aliisikia hotuba hiyo mara zisizo na idadi, na kila mara ilipofika kwenye methali alitafuta kitu cha kufanya kwa mikono. Alichambua mboga, alifagia palipofagiliwa. Punje ile ilikuwa yake. Ni yeye aliyemwangusha mumewe, na ndiye aliyekuwa akimfulia hizo nguo.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka ule kijiji kilipiga kura kwa nafaka. Elimringi alikuwa hindi, na Solomoni, mtu mpole wa kitongoji cha juu, alikuwa harage. Kila mtu mzima alipewa punje mbili, hindi moja na harage moja, akaingia peke yake nyuma ya blanketi lililotundikwa darasani. Mle ndani mlikuwa na debe lililofunikwa kwa kitambaa chenye tundu, na kando yake kikapu. Punje unayoitaka unaitia kwenye debe, usiyoitaka unaitupa kikapuni. Wazee walikuwa makini, walitandika majani ya mgomba chini ya debe ili punje isilie, maana hindi na harage hazilii sawa na wapo watu wenye masikio ya popo. Jioni debe lilimwagwa juu ya mkeka. Mahindi mia moja na kumi na saba. Maharage mia moja na kumi na nane.

Elimringi hakulala siku mbili. Ukoo mzima ulikuwa umekaa na kukubaliana hindi, mtu mmoja mmoja, kwa kiapo. Msaliti alikuwa ndani, na wa kumshuku alikuwa mmoja: Aminieli, aliyeoa dada yake Solomoni, na ambaye asubuhi ile ya kura alionekana akinywa uji kwa shemeji yake. Aminieli aliapa mara moja, akaapa mara mbili. Alipoulizwa mara ya tatu alinyamaza, na kwa Elimringi kule kunyamaza kulikuwa jibu. Mwaka uliofuata Aminieli alimchukua mkewe na randa zake, akashuka mjini, Sombetini, akafanya useremala huko mpaka mgongo ukapinda. Mama yao alipofariki ndugu wale wawili walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi. Na huko kijijini jina la Aminieli likasahaulika. Akaitwa Harage.

Hakuna aliyemuuliza mke. Nani amshuku mke wa mgombea?

Tangu siku ile Kaanaeli hakupiga kura tena. Alikuwa amepiga moja na ilitosha kuvunja nyumba. Uandikishaji ulipofika, ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa, au kulikuwa na maandalizi ya mavuno kanisani, au malaria ilimshika asubuhi na kumwachia jioni. Watu walimcheka Elimringi kwamba mganga hajigangi, anahamasisha kata nzima na mke wake hana kadi. Naye alicheka pamoja nao, lakini ilimuuma.

Safari hii hakukubali. "Mama Fanuel," alimwambia siku ya nne ya uandikishaji, wakinywa chai, "mimi nina miaka sabini na minane. Sijui kama nitauona uchaguzi mwingine. Nataka nikuone na kadi yako. Nitakusindikiza."

Kaanaeli alitaka kusema ng'ombe. Akamtazama mumewe, koti limekuwa kubwa kumzidi, akakosa moyo wa kusema ng'ombe.

Tena kulikuwa na jambo lingine lililokuwa likimtafuna. Aminieli alikuwa amerudi. Mkewe amekufa, mwanawe amemjengea vyumba viwili kwenye kihamba chake cha bondeni, na wiki tatu sasa moshi wa jiko lake ulionekana asubuhi ng'ambo ya mimea ya masale ya mpakani. Elimringi hakuwa amekwenda hata kumpa pole ya safari. Kaanaeli alikuwa amepeleka ndizi mara mbili, kwa siri, kama mwizi anayerudisha. Na juzi bombani alisikia binti mdogo akimuuliza mwenzake, "Yule babu mpya ndiye Harage? Alimfanya nini babu Elimringi?" Mtoto hajafika darasa la nne, amekwisharithi uongo. Kaanaeli alibeba ndoo yake nyumbani akilia njia nzima.

Kituo kilikuwa shuleni, darasa la pili. Foleni ilikuwa ya vijana zaidi, na wote walimwamkia Elimringi kwa kelele, "Shikamoo babu," naye akaitikia marahaba huku akiwahesabu kwa macho. Wazee walipewa benchi ndani ya mlango. Walipokaa tu, Kaanaeli aliona nani amekaa kwenye kiti mbele ya meza ya afisa. Ule mgongo uliopinda aliujua.

Elimringi naye aliujua. Akaanza kuichunguza ncha ya fimbo yake.

Afisa mwandikishaji, dada mmoja mwenye miwani na subira, alikuwa akimhoji Aminieli taratibu. Mzee anahamisha taarifa zake kutoka mjini kuja huku, sivyo? Ndivyo. Kadi ya zamani? Ilipotea wakati wa kuhama. Namba yake anaikumbuka?

"Mwanangu," alisema Aminieli, "hata namba ya simu yangu naisoma nyuma ya simu."

Vijana walicheka. Dada yule naye akatabasamu. "Haina shida, mzee, tutakutafuta kwenye mashine kwa majina. Ila hapa ndio kwanza unahamia, na mawakala wetu hawa wanasema hawakujui." Mawakala wa vyama, vijana watatu waliokaa ukutani, walitikisa kichwa kwa adabu, walikuwa hawajazaliwa wakati Aminieli anahama. "Kuna mkazi yeyote hapa anayekujua, athibitishe unaishi hapa?"

Aminieli aligeuka polepole. Macho yake yalipita kwenye foleni, yakafika kwenye benchi, yakakutana na kaka yake. Elimringi hakuinua uso kutoka kwenye fimbo. Aminieli akageuka tena mbele, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Basi nitamleta mwanangu kesho, akitoka kazini."

Kaanaeli alijikuta amesimama.

"Mimi namfahamu."

"Mama Fanuel, kaa," Elimringi alisema chini kwa chini.

Hakukaa. "Mwanangu," alimwambia afisa, "mpishe mwingine kwa dakika chache. Huyu mzee atapata shahidi mzuri kuliko mimi." Akamshika shemeji yake mkono, akamwinua, na alipopita kwenye benchi akamwambia mumewe, "Na wewe njoo." Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia hivyo mbele za watu. Elimringi aliinuka kwa mshangao tu.

Aliwapeleka nyuma ya darasa, kwenye tangi la maji. Huko hapakuwa na mtu. Akasimama katikati yao.

"Harage lile lilikuwa langu," alisema.

"Harage gani?" Elimringi aliuliza, ingawa maishani mwake lilikuwepo moja tu.

"Lile la mia na kumi na nane. Hindi nilitupa kikapuni. Aminieli hakukufanya kitu. Ni mimi."

Elimringi alimtazama kana kwamba anaongea lugha ya nchi nyingine. Kaanaeli akaendelea, maana alijua akinyamaza hataweza tena. "Walikuchukua mgambo kwenda vitani Kagera nikiwa na mimba. Miezi kumi, Baba Fanuel. Redio inasema Masaka, inasema Kampala, na mimi sijui kama nina mume au nina jina tu. Fanuel nilimzaa nikiwa na mama yako tu. Uliporudi alikuwa na miezi minne, akakulilia, hakukujua. Ulikuwa unapiga kelele usingizini mpaka majirani wanaamka. Hata hujapona, wazee wakaja kusema kijiji kinakutaka, ukakubali palepale. Leo mwenyekiti anaitwa mkutanoni Usa, kesho Arusha, keshokutwa semina ya mwezi mzima. Nikasema, mume wangu nimeshawapa mara moja. Mara ya pili sitoi."

"Ungeniambia nisigombee."

"Nilikuambia. Ulisema wanawake hatuelewi mambo ya kijiji."

Elimringi alikuwa amesema hivyo kweli, na alikumbuka hata mahali alipokuwa amekaa aliposema.

"Nilidhani nitakuambia ukishapoa," Kaanaeli alisema, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka bila kuyafuta. "Lakini ulimshika Aminieli siku ileile. Nikaogopa. Kila siku iliyopita ilinifunga mdomo zaidi. Nimekukosea wewe mara moja. Yeye nimemkosea kila siku ya Mungu. Shemeji, nisamehe, kama inawezekana."

Aminieli alikuwa ameegemea tangi. Alikuwa akitikisa kichwa, na Kaanaeli hakujua kama anacheka au analia, mpaka alipoona ni vyote viwili.

"Mimi nilidhani ni mama," alisema.

"Mama nani?" Elimringi aliuliza.

"Mama yetu. Usiku wa kuamkia kura aliniambia, huyu mtoto ametoka vitani, mngemwacha apumzike. Zilipomwagwa zile punje, nikajua ni yeye. Ukaniuliza nikaapa. Ukaniuliza tena nikaapa. Mara ya tatu nikajiambia, Aminieli, ukizidi kuapa huyu atakuamini, na akikuamini ataanza kuwahesabu waliobaki, na atamfikia mama." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nikanyamaza."

"Umekuwa Harage miaka arobaini na mitano kwa ajili ya mama?"

"Mama alikufa kakushika mkono wewe, kaka. Ningewaharibia hayo?"

Elimringi alikaa kwenye ukingo wa saruji wa tangi. Alivua kofia, akaiweka gotini. Kutoka darasani ilisikika sauti ya afisa akimwambia mtu atazame kamera. Kaanaeli alisubiri. Alikuwa ameogopa dakika hii tangu ujana wake, na sasa ilipofika alijisikia amechoka tu, na mwepesi, na mwenye kumwonea huruma huyu mzee asiye na kofia.

Hatimaye Elimringi alisimama. Alimwendea Aminieli, akamshika mkono juu ya kiwiko, kama mtu anavyomshika mgonjwa, na wakarudi darasani wawili hao mbele, Kaanaeli nyuma.

"Mwanangu," Elimringi alimwambia afisa, "andika. Namfahamu huyu. Anaitwa Aminieli. Ni mdogo wangu, tumbo moja, na mimi na yeye tumetenganishwa na masale tu."

"Asante, babu. Na ameishi hapa muda gani?"

"Alizaliwa hapa. Akaondoka kwa sababu yangu." Kisha akageukia foleni, wale vijana wote aliokuwa amewaamsha vitandani kwa hotuba yake. Sauti haikuwa ile ya nyumba kwa nyumba. "Ninyi mmenisikia nikisema juu ya punje moja. Punje ilikuwepo, hiyo msiisahau. Lakini mtu niliyemsema siye. Nimemsingizia ndugu yangu tangu wazazi wenu ni watoto. Nimekosa, na nakiri mbele yenu. Nisimsikie tena mtu akimwita lile jina."

Aminieli alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Halafu kijana mmoja wa bodaboda, kofia ya pikipiki kwapani, akauliza kile ambacho kila mtu alitaka kuuliza.

"Sasa babu, ilikuwa ya nani?"

Kaanaeli aliushika ukingo wa benchi. Alikuwa tayari. Alijiambia, na aseme, ni haki yake.

Elimringi alimtazama yule kijana kwa ukali wa mwalimu. "Wewe unakwenda kuandikishwa uwe mpiga kura," alisema, "na hujui kwamba kura ni siri?"

Watu wakacheka, na foleni ikasogea.

Zamu ya Kaanaeli ilipofika alikaa kwenye kiti kile, akataja majina yake, mwaka wake wa kuzaliwa, kazi yake mkulima. Akaweka vidole juu ya kioo. Mashine ilimkatalia kidole gumba mara mbili, kahawa na jembe vimekilainisha, mara ya tatu ikakubali. Afisa alimuuliza kama aliwahi kuandikishwa, akasema hapana. Kadi ilipotoka ilikuwa bado na joto.

Nje mvua ndogo ilikuwa imeanza. Aminieli alikuwa ametangulia, amesimama njia panda akiongea na mtu aliyemkumbuka. Elimringi alikuwa peke yake chini ya upenu, kofia kichwani.

"Umekasirika," Kaanaeli alisema.

"Sana."

"Najua. Niliogopa ukijua utaondoka."

Elimringi alinyoosha mkono kuiomba kadi, akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akaitazama picha ya mkewe. Aliitazama muda mrefu kuliko picha ndogo inavyohitaji.

"Niende wapi?" alisema. "Watu mia na kumi na saba walinipigia kura niwe wao. Wewe peke yako ulinipigia nibaki wako."

Akamrudishia kadi. Kaanaeli aliifunga kwenye pindo la khanga, akafunga fundo mara mbili, na wakaanza kupanda taratibu kumfuata Aminieli waende naye kula kwao, maana nyumbani kwake hakuwa na chakula.